Kidani cha Fedha Chenye Jiwe la Mviringo: Kasoro Zinapojitokeza na Pa Kuzitafuta

Kidani chenye jiwe kina tabia moja inayowachosha wanaojifunza usonara: kasoro huonekana hatua mbili tatu baada ya kutokea. Jiwe linalocheza lilianza kucheza siku ulipokata utepe, kabla hata hujawasha moto. Doa linalokukera wakati wa kung'arisha lilizaliwa kwenye moto. Kwa hiyo ukiona tatizo, usianze kurekebisha pale pale lilipo. Rudi nyuma, uliza ni hatua gani ingeweza kulizaa, kisha ndipo ushike kifaa.

Nitaandika kwa mpangilio wa dalili, nikianzia kwenye chuma chenyewe na kumalizia shingoni mwa mteja. Majina nitakayotumia ni haya: kitako ni bamba la nyuma, ukuta ni ule utepe mwembamba unaolizunguka jiwe na kulibana, na kishikio ni kipete cha juu kinachopita mkufu. Jiwe ninalolizungumzia ni la mviringo, chini bapa, juu lina mgongo, la kati ya milimita 10 na 20. Kwa hapa Kigoma mara nyingi litakuwa malakaiti, lile la kijani lenye mistari linalotoka kwenye ukanda wa shaba wa Kongo, au akiki, au mojawapo ya mawe mengine ya jamii ya kwatzi.

Bamba linachanika kingoni likifuliwa

Sababu ya kwanza ni ya kawaida mno: umefua mno bila kulirudisha motoni. Fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha na 75 za shaba katika kila elfu, hukakamaa kila inapopigwa. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, nyuzi 600 hadi 650 hivi za Selsiasi, iache wekundu upotee, ndipo uitumbukize majini. Rudia kila bamba linapopungua karibu nusu ya unene wake. Ukisubiri mpaka mlio wa nyundo ubadilike, umeshachelewa.

Shida ni kwamba wekundu huo hauonekani juani. Fundi anayechoma barazani saa sita mchana ataona fedha iliyofifia, itabaki hivyo hivyo, kisha ghafla uso utameremeta, na kumeremeta huko maana yake imeanza kuyeyuka. Ingia ndani, funga dirisha la upande wa jua. Kama bado huamini macho yako, chora mstari wa maka peni juu ya bamba kabla ya kulipasha. Mstari ukififia na kupotea, moto umetosha kulainisha.

Sababu ya pili ni ndefu zaidi, na hapa mkoani tunaipata kuliko mafundi wa miji mingine: chuma ulicholetewa si fedha uliyodhani. Ujiji ni mji wa zamani wa biashara, na katika masanduku ya bibi zetu zimo sarafu za kila utawala uliopita. Mteja anaziweka mezani na kusema, "Fundi, hii fedha ya zamani, safi kuliko hizi za leo." Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli kabisa. Rupia ya Wajerumani ina fedha karibu asilimia 92, uzito wake gramu 11.66, na inafuliwa vizuri. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ile yenye mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia baadaye, ina asilimia 83. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyotolewa kuanzia 1921 hadi 1946, ina robo tu ya fedha. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni shaba. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli.

Anayeyeyusha shilingi za simba akatengeneza kitako atapata bamba gumu, lenye wekundu wekundu, linalokuwa jeusi tii kila linapoguswa na moto. Baya zaidi linakuja wakati wa kulehemu. Mchanganyiko wa fedha na shaba wenye shaba nyingi namna hiyo huanza kulainika na kutoa umajimaji nyuzi 779 hivi, na lehemu ngumu ya fedha hutiririka katika joto lililo karibu sana na hilo. Maana yake kitako na lehemu vitayeyuka pamoja, na fundi atalaumu gesi.

Kupima si kazi ngumu kama una mizani midogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Namba utakayoiona ndiyo ujazo wake. Gawa uzito kwa ujazo: fedha ya 925 itakupa 10.3 au zaidi kidogo, shilingi ya simba itakuwa chini ya 9.5, na ile ya nikeli karibu 8.9. Sarafu moja ni ndogo na makosa ya kupima ni makubwa, kwa hiyo pima kadhaa za aina moja kwa pamoja.

Na kabla hujayeyusha chochote cha zamani, mwambie mwenye mali thamani yake inaweza kuwa kubwa ikiwa nzima. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo katika karakana ya reli pale Tabora. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanaitafuta. Sonara anayeitia sarafu kama hiyo kwenye chungu bila kumwambia mwenyewe ananihuzunisha kuliko anayepunja mizani.

Kama unaanza na fedha safi na unataka 925, hesabu ni nyepesi: kwa gramu 10 za fedha safi ongeza gramu 0.81 za shaba. Waya wa umeme uliochunwa plastiki na kusuguliwa unafaa, ila uwe wa shaba tupu, usiwe umepakwa bati.

Sababu ya tatu ni risasi. Vidani vya zamani vingi vimewahi kuzibwa kwa lehemu ya redio, yaani ya risasi na bati. Ukikipasha moto kidani kama hicho, risasi na bati hula fedha na kutoboa mashimo mbele ya macho yako, na hakuna dawa baada ya hapo. Kagua maungio kwa ncha ya kisu: lehemu ya fedha ni ngumu, risasi ni ya kijivu na inachuneka kirahisi. Ikwangue yote kwa tupa kabla ya kuwasha moto, na tupa hiyo usiitumie tena kwa kazi safi.

Bamba linafura vilengelenge, au vishimo vinatokea likisuguliwa

Hapo kosa lilikuwa kwenye kuyeyusha. Fedha iliyoyeyuka hunywa oksijeni ya hewani karibu mara 20 ya ujazo wake, na inapoganda huitoa yote. Ikikosa njia inabaki ndani. Ulichelewa kumimina, au ulikoleza moto kupita kiasi, au kalibu, kile chombo cha kumiminia, ilikuwa na unyevu. Funika uso wa fedha kwa boraksi kidogo, ule unga mweupe unaokinga chuma na hewa kwenye moto, weka kipande cha mkaa chunguni, mimina mara tu inapozunguka kama kioo, na kalibu ipashwe kwanza. Bamba lililokwisha kufura usihangaike nalo, liyeyushe upya.

Lehemu inakuwa kidonge badala ya kutiririka

Hili ndilo swali la kila mwanafunzi. Jibu lake linafichwa na imani kwamba lehemu inayeyushwa na mwali. Lehemu inatakiwa iyeyushwe na fedha inayoizunguka. Ukiuelekeza mwali kwenye kipande cha lehemu, chenyewe kitayeyuka, kitajikunja duara, na kitakaa hapo juu ya chuma ambacho bado ni baridi. Zungusha moto nje, kwenye kitako, mpaka kitako chote kiwe na joto moja, kisha sogea. Lehemu hufuata penye moto zaidi, na hilo ni jambo unaloweza kulitumia: inayokataa kuingia upande wa kulia, pasha upande wa kulia.

Kama moto uko sawa na bado inagoma, angalia usafi. Mafuta ya vidole yanatosha kuizuia. Sugua maungio kwa msasa mpya, usiguse tena, paka boraksi iliyolowekwa kwa maji mpaka iwe uji mwepesi. Boraksi ina ishara zake: kwanza inafura na kuwa nyeupe na kurusha vipande vya lehemu huku na huko (ndiyo maana unaanza na moto mdogo), halafu inatulia, halafu inakuwa kama kioo cha maji. Ikifika hapo lehemu iko karibu. Ukiendelea kuchoma dakika nyingi boraksi inachoka, chuma kinapiga weusi, na hata uongeze lehemu kiasi gani haitashika. Zima, safisha, anza upya. Kuongeza lehemu juu ya uchafu ni kupoteza fedha.

Jambo la tatu ni nafasi. Lehemu ya fedha haizibi pengo. Inapenya mahali ambapo vyuma viwili vinagusana. Nyanyua ukuta ukiwa juu ya kitako, uelekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita chini, usilehemu. Sugua ukingo wa chini wa ukuta juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka ukae sawasawa.

Halafu upepo. Alasiri upepo wa ziwani unapopanda mjini, mwali wa tochi ndogo ya gesi unayumba na joto linaibiwa. Matofali matatu yaliyosimamishwa kuzunguka sehemu ya kuchomea, na kipande cha mkaa mgumu chini ya kazi, vinaongeza nguvu ya moto kuliko kununua tochi kubwa. Mkaa una faida ya pili: unakula oksijeni iliyo karibu, hivyo fedha haipigi weusi haraka.

Ungio la kwanza linafunguka unapochoma la pili

Tumia lehemu tofauti. Ngumu kwa kufunga ukuta, ya kati kwa kuunganisha ukuta na kitako, laini kwa kishikio. Kila moja inatiririka kwenye joto la chini kuliko iliyotangulia. Kama unayo moja tu, funika ungio la zamani kwa udongo wa mfinyanzi uliolowana, acha ukauke, kisha choma lililobaki kwa haraka.

Ukuta umelala au umeyeyuka

Ukuta una unene wa milimita 0.3 hivi, kitako 0.8. Ukivipa moto sawa, ukuta unafika kwanza. Ninashauri ukuta utokane na fedha safi ya 999. Inayeyuka nyuzi 961, wakati 925 inaanza kulegea karibu na 800, na pia ni laini kusukumwa juu ya jiwe. Inua kazi juu ya vipande viwili vya waya wa chuma ili moto upite chini ya kitako, na mwali usiugeuzie ukuta isipokuwa mwishoni kabisa, kwa mpigo mmoja wa kuzunguka.

Fedha imetoka kwenye tindikali ikiwa ya waridi

Hapa kuna madoa ya aina mbili ambayo watu huyachanganya, na dawa ya moja haitibu nyingine.

La kwanza ni rangi ya shaba iliyotanda kazi nzima ghafla, baada tu ya kuichovya kwenye maji ya kusafishia, yaani yale ya tindikali yanayoondoa weusi wa moto. Umetumia koleo la chuma, au kipande cha waya wa chuma kilibaki kimefungwa kwenye kazi. Maji hayo yamejaa shaba iliyotoka kwenye kazi zilizopita. Chuma kikiingia, shaba inahama na kujipaka kwenye fedha. Toa chuma, tumia kibano cha shaba, cha plastiki au cha mwanzi. Kuiondoa rangi, changanya maji mapya ya kusafishia na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, na uache kazi humo mpaka iwe nyeupe.

Maji ya kusafishia yenyewe si lazima yawe tindikali kali ya betri, ambayo inaunguza ngozi na mapafu. Asidi ya sitriki ya unga, inayouzwa kwa watengeneza juisi na sabuni, inatosha kabisa: vijiko viwili vikubwa kwa kikombe cha maji ya moto. Unga ndio unaoingia kwenye maji. Wazee walitumia ukwaju na ndimu, na vilifanya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Chombo kiwe cha kioo, cha udongo au cha plastiki ngumu. Sufuria ya alumini italiwa, na jikoni haitarudi tena.

Doa la pili ni la kijivu lenye uzambarau, kama kivuli, na halionekani mpaka umeanza kung'arisha. Unasugua, linabaki. Unasugua zaidi, linapanuka. Hili liko ndani ya fedha: moto wa muda mrefu umeruhusu oksijeni kupenya chini ya uso na kuifikia ile shaba asilimia 7.5. Njia ya kwanza ni kulikwangua kwa msasa namba 400, kisha 600, 800 na 1200, mpaka upite unene wake, kama bamba lina unene wa kuvumilia. Njia ya pili ni kulizika: pasha kazi bila kuyeyusha, chovya kwenye sitriki, sugua kwa brashi laini, rudia mara kadhaa mpaka uso uwe mweupe kabisa. Shaba ya juu imeondoka na umebaki na ngozi ya fedha safi. Ngozi hiyo ni nyembamba, kwa hiyo usiipeleke kwenye msasa tena.

Kuzuia ni rahisi kuliko yote hayo. Changanya asidi ya boriki na spiriti, chovya kazi, washa spiriti iungue yenyewe, na utabaki na utando mweupe unaoikinga fedha. Chupa ya spiriti iwe mbali na imefungwa kabla hujawasha chochote. Ungedhani hili halihitaji kusemwa.

Jiwe haliingii, au linaingia na kucheza

Rudi kwenye rula. Urefu wa utepe ni kipenyo cha jiwe ukijumlisha unene wa utepe, mara 3.14. Jiwe la milimita 16 na utepe wa 0.3: 16.3 mara 3.14, yaani milimita 51.2. Wengi husahau ile 0.3 na kukata 50.2. Milimita moja inaonekana haina maana, lakini ndani ya ukuta utapata milimita 15.7, na jiwe la 16 halitaingia hata ulibembeleze. Kwa jiwe lisilo duara kamili, na mawe ya kuchongwa kwa mkono mara nyingi si duara kamili, zungushia utepe wenyewe, weka alama kwa sindano, kata ukiacha unywele.

Ukuta uliokuwa mdogo kidogo unaweza kuutanua kabla haujaunganishwa na kitako: uvike kwenye chuma cha mviringo na uugonge taratibu kwa nyundo ya mbao. Ukishaunganishwa, hapana. Na ukuta mkubwa? Ukate penye ungio, punguza, lehemu upya. Kujaza pembeni kwa gundi kunafanya kazi mpaka siku mteja atakapokwenda kuoga ziwani.

Unapojaribu jiwe, pitisha uzi wa kushonea chini yake, ncha zote mbili zining'inie nje. Likinasa, vuta uzi. Asiyeweka uzi huishia kulichokonoa kwa kisu, na malakaiti haivumilii kisu.

Jiwe likiwa limezama mno, mgongo hauonekani na kidani kinakosa uhai. Usipunguze ukuta kwanza. Kata duara la plastiki kutoka kwenye ile kadi inayobaki ukitoa laini ya simu, weka chini ya jiwe. Haiozi, hainywi maji. Maganda ya randa ya mbao yalitumika sana zamani. Yananyonya jasho, yanavimba, na chini ya jiwe linalopitisha mwanga yanaacha kivuli.

Urefu wa ukuta: upite kidogo pale mgongo wa jiwe unapoanza kupinda kwenda ndani. Theluthi ya kimo cha jiwe ni mwanzo mzuri. Ukiwa mfupi hautashika, na ukiwa mrefu utakunjika mikunjo unapousukuma, kwa sababu duara la juu ni dogo kuliko la chini na fedha ya ziada haina pa kwenda.

Mikunjo hiyo pia hutokana na namna ya kusukuma. Anayeanza sehemu moja na kuzunguka mpaka arudi alipoanzia ataikusanya fedha yote ya ziada mahali pamoja. Sukuma kaskazini, kisha kusini, mashariki, magharibi, halafu katikati ya hizo, kidogo kidogo, na kisukumio kiwe shaba au chuma kisicho na kona kali. Mwisho sugua ukingo kwa chuma laini kilichopakwa nta. Nta ya nyuki kutoka Tabora, ile ya njano inayonukia asali, ndiyo ninayoitumia kwa hili na kwa kulainisha uzi wa msumeno. Kitonge chake kikibandikwa kwenye ncha ya kijiti kinashika jiwe bila vidole.

Baada ya yote, kitikise kidani karibu na sikio. Kikitoa mlio, kuna sehemu hujaisukuma. Bonyeza jiwe upande mmoja baada ya mwingine kwa ukucha utaipata.

Jiwe limepasuka, limefifia au limekwaruzika

Uliza jiwe ni lipi. Kwatzi na akiki zina ugumu wa 7 hivi kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10; tupa ikiteleza kidogo zinaweza kusalimika. Malakaiti ni 3.5 hadi 4. Msasa wowote unaichora, hata vumbi la barabarani likifutwa kwa kitambaa kikavu linaichora, maana vumbi lina chembe za mchanga. Zungushia ukuta utepe wa gundi wa karatasi kabla ya kupiga tupa ya mwisho, na funika jiwe lote.

Malakaiti ni kaboneti ya shaba. Ikigusana na asidi, iwe sitriki, siki au ndimu, inatoa povu na uso wake unakufa, unabaki kama chaki. Ikipata moto inageuka nyeusi. Kwa hiyo hakuna lehemu, hakuna kuchovya, hakuna kulainisha baada ya jiwe kuingia. Kila kitu kinachohitaji moto kiishe kwanza. Kama kishikio kimekatika baadaye, toa jiwe, choma, safisha, rudisha jiwe. Kuna mafundi wanaofunika jiwe kwa kitambaa kilicholowana na kuchoma haraka. Kwa akiki wakati mwingine wanafanikiwa. Kwa malakaiti sijaona sababu ya kubahatisha mali ya mtu. Amethisti nayo hupoteza rangi kwenye joto, na tanzanaiti hupasuka joto likibadilika ghafla.

Ukiichonga malakaiti mwenyewe, ichonge ikiwa ndani ya maji na uvae barakoa. Vumbi lake ni vumbi la shaba.

Kidani kinageuka mgongo kikivaliwa, au kinainama mbele

Mteja hatakwambia "kitovu cha uzito kiko juu mno." Atasema, "Kaka, kila nikijiangalia kwenye kioo naona nyuma ya kidani." Kishikio kimelehemiwa chini mno nyuma ya kitako, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito iko juu ya pale kinaponing'inia, nacho kinatafuta kupinduka. Kihamishie kwenye ukingo wa juu kabisa. Kikiwa tayari juu lakini kidani kinainamia mbele, jiwe ni nene na kitako ni chepesi. Leta kishikio mbele kidogo, sawa na ukuta, au tumia kipete kinachosimama wima juu ya ukingo.

Pima tundu la kishikio kwa kufuli ya mkufu, usipime kwa mkufu wenyewe. Mkufu utapita, kufuli haitapita, na mteja atarudi jioni.

Kimekuwa cheusi baada ya muda mfupi, au shingo imekuwa ya kijani

Weusi wa fedha huletwa na salfa. Moshi wa jikoni, mayai, mipira na raba, baadhi ya sabuni za nywele, vyote vinayo. Kidani kinachotundikwa msumarini jikoni kitakuwa cheusi hata kama ni fedha safi kabisa, na hilo si kosa la fundi. Mfuko mdogo wa plastiki unaofungika, hewa imetolewa, unatosha.

Kuna njia inayopendwa ya kukirudishia weupe: bakuli lililotandikwa karatasi ya alumini, maji ya moto, na magadi ya kuokea. Inafanya kazi kwa kidani kisicho na jiwe na kwa jiwe gumu. Kwa malakaiti, usifanye hivyo. Hiyo ifutwe kwa kitambaa laini kilicholowana maji tu, ikaushwe, na fedha ya pembeni isuguliwe kwa kidole chenye unga laini wa chaki bila kugusa jiwe.

Shingo ya kijani ni shaba inayoyeyushwa na jasho. Kwa fedha ya 925 hutokea mara chache na kidogo. Ikitokea kila siku, pima uzito majini kama nilivyoeleza kwenye sarafu, ila jiwe litoke kwanza, maana uzito wake utaharibu hesabu yote. Ikija chini ya 10 hivi, muulize aliyekuuzia fedha hiyo aliipata wapi. Kama mteja hataki kusubiri kidani kipya, paka mgongo wa kitako vanishi ya kucha isiyo na rangi, na umweleze kwamba itabanduka na atarudi.